Kadi Ambayo Hakuna Aliyeigusa

Maiti ilikuwa bado na joto Inspekta Emilienne Mwayuma alipofunua shuka. Midomo ilikuwa imevimba, macho yamefumbwa na uvimbe, shingo na kifua vimejaa madoa mekundu. Kwenye paja la kushoto palikuwa na alama moja ya sindano.

"Penisilini," alisema Daktari Théophile, mwenye kliniki. "Mwili wake uliikataa. Koo likavimba, pumzi ikakatika. Hata dakika tano hazikutimia."

"Nani alimchoma?"

"Muuguzi Grâce. Yuko pale kwenye benchi."

Marehemu aliitwa Assumani, mchimba dhahabu aliyerudi Kasongo kutoka Salamabila miezi mitatu nyuma, na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Asubuhi hiyo ya Jumatano mkewe, Malaika, alimleta kwa pikipiki akiwa na homa kali, akisema maneno yasiyoeleweka. Alipolazwa, mke akatoka kwenda kumnunulia uji sokoni. Alirudi na uji, akamkuta mumewe amefunikwa shuka.

Malaika hakuwa akilia. Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Inspekta, soma."

Ilikuwa kadi ya mgonjwa, imechapwa wiki tatu nyuma. Jina: Assumani. Mzio: penisilini.

"Tulisema siku ya kwanza kabisa," alisema Malaika. "Dawa ile ilitaka kumuua kule Salamabila. Dada wa mapokezi akaandika, nikamuona kwa macho yangu, akatupa hii karatasi. Sasa mbona wamemuchoma?"

Emilienne alikwenda mapokezi, akaomba afunguliwe kadi hiyo hiyo kwenye kompyuta. Aliisoma mara mbili.

Mzio: hakuna.

Grâce alikuwa ameketi ameshikilia magoti yake, koti jeupe limemwagikiwa maji.

"Ulisoma kadi kabla ya kuchoma?"

"Nilisoma, Mama Inspekta. Kidonda chenye usaha hapa kwetu tunachoma penisilini, lakini kwanza tunasoma kadi. Iliandika hakuna."

"Mgonjwa ulimuuliza?"

"Alikuwa anaweweseka. Aliniita jina la mutu mwingine."

"Nani alikuona ukisoma?"

"Yvette. Alikuwa pale pale mapokezi."

Yvette, karani wa mapokezi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na mitano, hakuinua macho. "Nilikuwa naandika wagonjwa. Sikuangalia."

Grâce alimgeukia kama mtu aliyepigwa kofi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita.

Kufikia saa sita mchana Grâce alikuwa amefungiwa kachoti, chumba cha mahabusu, na ndugu za marehemu walikuwa wamejaa mbele ya kituo cha polisi. Walikuwa wanataka wakabidhiwe muuguzi. Simu ya mwendesha mashtaka haikuwa na maneno mengi.

"Alimchoma, mtu akafa, akafuta kadi ili ajiokoe. Mambo iko wazi. Gari la kupeleka wafungwa Kindu linaondoka saa nane. Nataka huyo mwanamke awe ndani."

"Nipe mpaka jioni."

"Saa nane, Inspekta. Ukichelewa, watu hao watavunja kachoti."

Emilienne alirudi kliniki, akaagiza aletwe aliyeandika programu yake. Alikuwa Aristote, mwalimu wa kompyuta. Alifika jasho likimtoka. Akaketi mbele ya mashine ya ofisi ya daktari, simu yake ameilaza kifudifudi pajani.

"Mtu akibadili kadi, mashine inajua?"

"Inajua. Kila kadi iko na kumbukumbu yake. Nani ameigusa, siku gani, saa ngapi."

"Fungua ya Assumani."

Mbali na kule kufunguliwa kwake mbele ya Emilienne, palikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza: kadi imeundwa na Yvette, wiki tatu nyuma. Wa pili: imesomwa na Grâce, leo, saa mbili na dakika hamsini.

"Kufutwa kuko wapi?"

"Haiko."

"Baada ya kifo?"

"Hakuna aliyeigusa, Mama Inspekta."

Basi Grâce hakufuta chochote. Lakini karatasi ya Malaika haikuwa ya uongo. Neno penisilini lilikuwemo, kisha halikuwemo, na hakuna mkono uliolitoa. Emilienne alitazama saa. Saa saba na robo.

Akamtazama Aristote. Kijasho kilikuwa kimefika shingoni.

"Hiyo simu unaificha ya nini?"

"Siifichi."

"Ilete."

Ujumbe uliokuwa wazi kwenye kioo ulikuwa wa mwezi wa kwanza. Umetoka kwa Yvette: *Mwalimu, nikinakili kadi ya mama ili niandike mutoto wake, halafu nikifuta kitu kwa mutoto, kwa mama nako kinafutika. Ni hatari.* Chini yake jibu la Aristote: *Nimeona. Nitatengeneza wiki hii.*

"Ulitengeneza?"

Aristote aliziba uso kwa viganja. "Sikutengeneza. Nilikuwa na mitihani ya wanafunzi, halafu nikasahau. Wallahi nilisahau."

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako. Polepole."

"Kadi haijitokei yenyewe. Kuna kipande cha programu kinachoiunda. Tunakiita kiundaji. Unakipa jina, umri, mtaa, nacho kinakutengenezea kadi mpya yenye sehemu zake zote." Akaonyesha kitufe kingine. "Kuna kiundaji cha pili, cha kunakili. Hicho unakipa kadi ya zamani, kinakuundia nyingine inayofanana nayo. Ndugu wa nyumba moja, mtaa mmoja, wazazi wale wale: karani hahitaji kuandika upya."

"Kosa liko wapi?"

"Jina linaandikwa ndani ya kadi, kwa hiyo linanakiliwa lenyewe. Lakini orodha ya mizio haikai ndani ya kadi. Inakaa pembeni. Kadi inashika tu anwani ya mahali orodha ilipo. Kiundaji changu kilinakili anwani. Kilipaswa kuunda orodha mpya, kihamishe kila dawa, kisha kadi mpya ipewe anwani yake yenyewe. Mimi niliacha kadi mbili kwenye orodha moja."

"Kwa hiyo ukifuta kupitia moja..."

"Imefutika kwa zote mbili. Na kumbukumbu inaandikwa kwa ile uliyofungua tu; kunakili hakuhesabiwi."

"Nionyeshe. Niandike mimi. Sili samaki."

Aristote aliunda kadi ya Emilienne, akaandika mzio wa samaki. Akainakili, akaiita nakala Régina. Akafungua ya Régina, akafuta samaki, akaifunga. Kisha akafungua ya Emilienne, na kidole chake kikabaki juu ya kitufe.

Mzio: hakuna.

Kifo kilikuwa kinaweza kupita pale bila kelele hata kidogo.

"Sasa nitafutie. Kadi yoyote iliyonakiliwa kutoka kwa Assumani."

Ilikuwepo moja. Ismaël, mtaa ule ule, baba na mama wale wale. Imenakiliwa Jumatatu saa tano, na baada ya dakika mbili mzio umefutwa. Huyo Ismaël hakuwahi kumuona daktari. Neno la siri lililotumika lilikuwa la Yvette.

Emilienne alimpigia Malaika. "Shemeji yako Ismaël anaishi wapi?"

"Ismaël gani? Assumani hana ndugu wa tumbo moja. Mama yake alizaa yeye peke yake."

Saa saba na dakika arobaini Emilienne alifunga mlango wa mapokezi nyuma yake. Yvette alikuwa anapanga kalamu.

"Ismaël ni nani?"

"Mgonjwa."

"Alikuja?"

"Alikuja Jumatatu."

"Ana mama gani?"

Yvette aliendelea kupanga kalamu.

"Mwezi wa kwanza ulimwonya Aristote. Jumatatu ulitumia kile ulichomwonya. Ulijua Assumani atarudi kwa kidonda chake, ulijua atachomwa nini. Alikukosea nini?"

Kalamu zilianguka, zikatawanyika sakafuni. Yvette hakuziokota.

"Pale kivukoni Nyangwe hakuitwa Assumani. Tulimwita Kapita. Alikuwa na pirogi ya kuvusha watu. Miaka miwili sasa. Aliijaza mafuta ya mawese na watu mpaka maji yakawa yanaingia. Dada yangu alimwambia tunazama, akamjibu ashuke kama anaogopa. Katikati ya mto, wakazama." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mutoto wangu Esther-Divine alikuwa na miaka tisa. Alipata bidoni tupu ya mafuta, akaishika, ikawa inamshikilia juu ya maji. Dada yangu alimuona. Kapita alikuja akiogelea, akamnyang'anya ile bidoni. Akafika nayo ng'ambo. Mutoto wangu hakufika."

Emilienne aliokota kalamu moja, akaiweka mezani.

"Akakimbilia Salamabila. Halafu siku hiyo anaingia hapa, anasimama mbele ya meza yangu. Nikamwandika. Nikamuuliza kama kuna dawa inamdhuru, akanijibu, penisilini, dada. Akanishukuru. Wiki tatu sikulala."

"Ungekuja kwangu, Yvette. Ningemkamata."

"Na nani angemrudisha mutoto?"

"Na huyu aliyekufa, amemrudisha?"

Yvette aliitia sahihi karatasi ya maungamo kwa mkono uliotulia.

Walifika kituoni dakika chache kabla ya saa nane, kwa mlango wa nyuma. Gari la Kindu lilikuwa linanguruma uani. Emilienne alimwamuru Aristote abaki kuandika maelezo yake kuhusu kosa aliloliacha. Jina lake lingekwenda kwa mwendesha mashtaka pia. Kisha akafungua kachoti mwenyewe.

Grâce alitoka akipepesa macho kwa mwanga. Alimuona Yvette na pingu, akaelewa.

"Ulikuwa na ratiba ya zamu zote za wiki," alisema. "Ulijua wiki hii ni mimi nitachoma."

"Nilijua."

"Ungesubiri wiki ya mwingine."

"Niliwaza hivyo." Machozi ya Yvette, ambayo hayakutoka alipomtaja mwanawe, yalianza kutoka sasa. "Lakini wewe, Grâce, unasoma kadi kila mara. Wengine hawasomi, wanauliza watu walio nje. Wangemuuliza mke wake. Nilihitaji mutu anayeiamini kadi."

Askari alimgusa bega. Yvette akapanda garini, pale palipoandaliwa kwa ajili ya Grâce.