Futi Mia Sita

Foleni ya simu katika posta ya Eldoret ilifika mlangoni asubuhi hiyo ya mwaka 1986. Nyaguthii, binti wa Mzee Simeon mwenye duka la vitambaa, alivaa gauni la manjano alilojishonea. Mbele yake, kijana mwenye shati jeupe la urubani aliuliza kwenye simu, "Mawingu yako chini kiasi gani?"

Alipomaliza, Nyaguthii akamtania, "Wewe unapigia Mungu?"

"Napigia Nairobi. Mungu hajawahi kuniweka kwa foleni."

Aliitwa Kipkorir, mzaliwa wa Moiben, rubani wa ndege ndogo ya kubeba dawa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya mwaka kwisha Mzee Simeon alijua yote, akakubali wazee wa Moiben waje kuposa.

Siku ilipofika, wazee walikuja kwa lori. Kipkorir alikuwa kazini, angetua na dawa kisha ajiunge nao. Ukungu ulifunika mji. Saa nne ngurumo ya ndege ikasikika, ikashuka hadi mabati yakatetemeka, halafu ikapanda na kupotea.

Mzee Simeon akasimama. "Huyu amefika mlangoni kwangu akageuka. Hataki mtoto wangu."

Kikao kikavunjika. Simu ikalia: Kipkorir, kutoka Kisumu alikoenda kutua.

"Sweetheart, sikuona runway. Nikishuka mpaka futi mia sita juu ya ardhi sijaiona, lazima nipande. Siwezi kubahatisha."

"Rubani mwenzako Kituyi ametua saa hii, na ukungu ni ule ule."

"Kituyi alipita chini ya mia sita."

"Basi yeye ni rubani, wewe ni mwoga."

"Naogopa, ndio," Kipkorir akasema taratibu.

Nyaguthii akamkatia simu. Barua zake tatu hakuzifungua. Alikosea, na mimi ninayesimulia nasema hivyo ingawa nampenda.

Mwezi wa pili baada ya hapo Kituyi alishuka tena akitafuta runway ndani ya ukungu, akagonga kilima. Kwenye mazishi Nyaguthii alimwona Kipkorir akibeba jeneza, suti nyeusi ikimning'inia kwa kukonda, na Nekoye, mjane wa Kituyi, akifuata nyuma akiwa na mtoto mgongoni.

"Kisumu kulikuwa kweupe," Kipkorir alimwambia baadaye. "Angeenda tu huko."

Nyaguthii akamshika mkono mbele ya watu. "Nilitaka utue ndio nisiaibike. Sikujua nakuombea kifo. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Ungefungua barua."

Mzee Simeon alibembelezwa miezi miwili ndipo akakubali wazee waje tena. Kipkorir alikuwa na ruhusa, lakini dawa za hospitali zilikwama Nairobi, na Kituyi hakuwepo tena wa kumshikia zamu, ikabidi aruke mwenyewe. Ukungu nao ukaja bila kualikwa.

Ngurumo ikasikika. Ikashuka, ikashuka zaidi. Nyaguthii alitoka nje kwa leso yake mpya, miguu peku kwenye umande.

"Panda," akasema. "Panda, mpenzi, uende."

Ngurumo ikapanda, ikafifia. Ndani, mzee mmoja wa Moiben akainamisha kichwa kwa aibu.

Mzee Simeon akamwita mkewe. "Mama Nyaguthii, ongeza maji kwa chai. Kijana ameenda Kisumu. Atakuja na barabara, na sisi tutamngoja."