Kiti cha Abiria

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani. Mumewe alikuwa na gari bovu uani, lililoachwa na marehemu mke wake wa kwanza. Kila jioni mume alikuwa akienda kukaa kwenye usukani, kiti cha pembeni kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa, maana marehemu alikuwa na miguu mirefu. Rafiki yangu ni mfupi. Akikivuta mbele leo, kesho anakikuta nyuma.

"Ni wewe unayekirudisha?" akamuuliza mumewe.

"Nikirudishe ili iweje, mke wangu?"

Wivu ukamzidi. Mume aliposafiri tu, rafiki yangu akalimaliza lile gari. Milango ikawa ya banda la kuku, boneti likawa paa la jiko, kwenye tairi akapanda mboga, na mabaki akamwachia mnunuzi wa vyuma chakavu. Kile kiti akakibakiza kwa ukaidi. Mchomeleaji akakata reli zake za kukisogeza mbele na nyuma, akakiunga kwenye miguu ya chuma iliyochimbiwa sakafuni, mbele ya cherehani.

"Sasa nitakikalia mimi," akasema.

Jioni ya kwanza umeme ukakatika. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo akaendelea kushona kwa mazoea, giza likizidi. Mara kuku wakanyamaza wote. Chini yake akasikia krrr, kama zile reli zilizokatwa zikiteleza taratibu, kisha tak, kama komeo limejifunga.

Akanyoosha mguu kutafuta pedali.

Haukuifikia.