Baiskeli ya Sattar wa Mikate

Sikuwa na baba. Sikuwa na viatu vya ngozi, wala saa ya mkononi, wala godoro langu peke yangu. Nililala mzungu wa nne na binamu zangu katika chumba cha mjomba, mtaa wa Sayyida Zainabu, Kairo. Sikuwa na picha yangu hata moja. Na kulikuwa na jambo jingine nililokosa, ambalo nililificha kuliko umaskini wote: nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikujua herufi hata moja.

Nilichokuwa nacho ni shingo na baiskeli. Kila asubuhi nilibeba kichwani chano kirefu cha fito za mtende, kimejaa mikate ya moto, mkono mmoja juu, mmoja kwenye usukani, nikapenya kati ya magari bila kuangusha kitu. Wanawake wa ghorofani waliteremsha vikapu kwa kamba, ndani yake pesa, na mara nyingine kikaratasi cha idadi. Vikaratasi havikunisumbua. Nilijua kwa kichwa nyumba ipi inakula mikate mingapi.

Ghorofa ya nne, kwa fundi cherehani, ilikuwa mikate kumi na mitano. Kikapu cha pale kiliteremshwa na binti yake, Jalila. Miaka miwili tulizungumza kwa kikapu kile. Yeye aliniwekea pera, au bilauri ya chai iliyofunikwa kwa kisahani. Mimi niliweka juu kabisa mkate uliofura kuliko yote.

Jumanne moja kilishuka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipoifunua nikaona mistari imejaa mpaka chini. Nikajua hiyo si idadi ya mikate. Nikaitia kifuani, masikio yakiwaka moto.

Jalila akainama kwenye baraza ya ghorofani, akaniita Usta, kama mafundi wanavyoitwa, na kuniuliza bila kuitaja barua, maana majirani wote walikuwa nje wakianika nguo.

"Usta Sattar, umesoma?"

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza hata kusema nitasoma baadaye.

"Neno kwa neno," nikamjibu, na nikaweka mkono kifuani kama muungwana.

Akacheka, akakimbilia ndani. Mimi nilidhani ni maneno matamu tu, ya kutunzwa. Kumpa mtu mwingine anisomee sikuweza. Mtaa mzima ungejua. Nikaikunja, nikaichomeka chini ya tandiko la baiskeli, nikawa nimeikalia siku nzima kama kuku.

Ijumaa tanuri letu lilipata oda kubwa. Nilipeleka mimi mwenyewe. Nilipofika kwenye ngazi za jengo lile nikasikia vigelegele, nikamuuliza bawabu kuna nini. Akasema wamesoma Fatiha ya uchumba wa Jalila na mhandisi wa Helwan.

Nilipandisha mikate mpaka ghorofa ya nne. Jalila alinipita mlangoni bila kunitazama.

Majira ya baridi yale nilijiandikisha shule ya jioni. Ilinichukua mpaka Machi ya mwaka wa pili kuisoma barua ile, kwa kalamu ya risasi, nikikata kila neno silabi kwa silabi.

*Usta Sattar. Kuna mtu anakuja Ijumaa. Baba anakupenda wewe. Njoo Alhamisi baada ya Alasiri na mjomba wako, hata mikono mitupu. Ukija, yule nitamkataa. Usipokuja nitajua kwamba hunitaki, na sitakulaumu. Jalila.*

Wakati huo alikuwa tayari na mtoto.

Niliendelea kusoma. Nikaacha mikate, nikaajiriwa kusoma mita za umeme, nikastaafu. Leo watu wa jengo langu huniletea mikataba yao niwaeleze, na wananiita Ustadhi. Nilimwoa Fathiya, mwanamke mwema, Mungu amrehemu. Baiskeli niliipandisha juu ya paa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani Fathiya alikwenda kuifuta vumbi, na hakuwahi kuniuliza naiweka ya nini.

Mwezi uliopita mwenye jengo aliagiza paa lisafishwe. Mnunuzi wa vikuukuu akapita na mkokoteni wake akiita kwa kipaza sauti, na binti yangu Rabab akataka kumwita apande. Nikamwambia angoje. Akaniuliza nangoja nini, kwani nitaipanda kwa magoti haya? Tukabishana. Mwishoni akaipiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wa wenyeji wa zamani wa mtaa wetu, labda atatokea mtu wa kuitunza.

Ujumbe ulikuja siku ya pili.

*Kengele hiyo ya shaba iliyobonyea naijua. Kama ni baiskeli ya Sattar wa mikate, nainunua mimi. Jalila, binti wa fundi cherehani. Nipigieni.*

Rabab alibonyeza namba kabla sijavaa miwani. Akasalimiana naye, akanipa simu.

"Mama Yusri?" nikasema, maana ndivyo alivyojitambulisha kwa Rabab.

"Mama Yusri ni jina nililopewa na watoto wangu. Wewe ulikuwa na jina jingine la kuniita."

"Jalila. Habari za siku nyingi?"

"Nyingi? Miaka hamsini unaiita siku nyingi. Niko Helwan, mjane mwaka wa nne, nina kisukari na wajukuu saba. Hayo yametosha. Baiskeli unauza au huuzi?"

"Unaitakia nini?"

"Nitaipeleka kwa fundi wa vyuma hapa chini. Nitakaa kwenye kiti, niletewe chai, halafu aikate mbele yangu. Akianza na tandiko nitafurahi zaidi."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Alhamisi ile nilivaa gauni la kijani," akasema. "Baba alinunua keki za basbusa, akafunga duka mapema. Ulipochelewa akasema labda baiskeli imepata pancha. Ikafika Magharibi bado anakutetea. Anasema, yule kijana hawezi. Yule ana adabu."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Ungeniambia barua haikukufikia, Sattar, ningekubali. Ungesema imelowa, imepeperuka. Nilikuuliza. Ukaniangalia machoni, ukasema umeisoma neno kwa neno, ukaweka na mkono kifuani. Mume wangu alikuwa mtu mzuri. Lakini mkono ule nimeuona mara nyingi nikiwa jikoni."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno mawili tu yalihitajika. Lakini Rabab alikuwa amesimama karibu, akisikia yote, na mlangoni palikuwa na jirani aliyekuja na barua ya kampuni ya maji nimsomee.

"Tuma gari Jumamosi," nikasema. "Pesa sitaki."

"Ni hayo tu? Zamani ulikuwa na maneno."

Akakata.

Jirani alipoondoka, Rabab alikaa mbele yangu.

"Baba, barua ipi hiyo?"

Nikamwambia yote. Nikaitoa kabatini, kwenye bahasha ya vyeti vyangu, nikamwonyesha alama za kalamu chini ya kila neno. Aliitazama muda mrefu. Hakujua kwamba baba yake aliwahi kuwa mtu asiyejua kusoma.

"Na mama alijua?"

"Alijua kuna karatasi. Aliiona mara nyingi akipanga kabati."

"Hakuisoma?"

"Mama yako hakujua kusoma, Rabab."

"Najua hakujua. Nakuuliza wewe. Wewe uliyekuwa unawafundisha mpaka mabawabu. Kwa nini yeye hukumfundisha?"

Nimejibu maswali mengi maishani mwangu. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Aliniomba mara mbili," nikasema. "Nikamwambia nimechoka na kazi."

Rabab aliinuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na chai, akaiweka mbele yangu bila kunitazama.

"Mimi nilidhani unaipenda baiskeli," akasema.

Siku tatu niliandika. Barua ya kwanza ilikuwa na maneno makubwa niliyojifunza vitabuni, nikaichana. Ya pili ilimlaumu bawabu, mjomba, na majirani waliokuwa wanaanika nguo, nikaichana. Niliwaza pia kumwambia Jalila simpi, baiskeli ibaki juu ya paa, na mimi nibaki yule kijana aliyemkataa. Afadhali mwanamume katili kuliko mwanamume mjinga. Ndivyo nilivyokuwa nimeamua, bila kujiambia, kwa nusu karne. Fathiya naye alilipia uamuzi huo.

Jumamosi alikuja dereva na gari dogo la mizigo, mtu mnene aitwaye usta Lamlum. Aliteremsha baiskeli kutoka juu akihema, akipumzika kila ghorofa. Alipopita mlangoni kwangu niliipiga kengele mara moja. Ilitoa sauti ya kukohoa.

Nikarudi mezani, nikaandika kwa mara ya mwisho.

*Jalila. Siku ile sikujua kusoma. Niliona aibu, nikasema uongo. Barua yako niliisoma mwaka wa pili, peke yangu. Alama za kalamu ni zangu, utaona jinsi nilivyohangaika na jina lako. Baba yako hakukosea sana kunitetea, lakini adabu sikuwa nayo, kiburi nilikuwa nacho. Yule mwanamke niliyemwoa nilimkosea vilevile. Nakurudishia barua yako na baiskeli. Ukitaka kuikata, ikate. Sattar.*

Nikaweka barua yake ndani ya yangu. Nikazitia kwenye bahasha, nikalamba gundi, nikaipitishia dole gumba mara mbili, nikaandika jina lake juu, lile la zamani.

Chini Lamlum alikuwa amekwisha kuifunga baiskeli kwa kamba na kuwasha gari. Nilimwita kutoka barazani, nikamwambia angoje. Magoti yangu hayawezi ngazi za ghorofa tatu. Rabab akaleta kikapu cha mama yake, nikatia bahasha ndani, akaishika kamba pamoja nami, tukakiteremsha polepole.

"Mpe hii kwanza," nikamwambia. "Baiskeli baadaye."

"Nimwambie nini, Haji?"

"Mwambie sikuweza kusoma."

Akaitoa bahasha, akaitia mfuko wa shati. Kamba ikawa nyepesi mikononi mwetu.