Vikanyagio vya Abiria

Haya yalimpata shoga yangu, fundi cherehani. Pikipiki ya babu yake ilirithiwa na baba, na baba alipofariki ikabaki stoo ikila kutu. Mama yake alipozidiwa, asiweze hata kuketi, shoga yangu akaamua kuifufua, walau mama ausikie mlio wake kabla hajafumba macho.

Fundi pikipiki aliyemwita akaitoa injini, akailoweka kwenye beseni la mafuta ya taa. Vikanyagio vya abiria, ambavyo baba alizoea kuinama akamshushia mama kila walipotoka, vilikuwa vimeganda juu. Akavigonga kwa nyundo hadi jasho likamtoka.

“Dada, hivi labda vishuke siku ya kiama,” akatania, akaenda zake.

Shoga yangu akabaki chumbani kwa mama, akishona kava la kiti. Jioni umeme ukakatika. Gizani akasikia pikipiki ikinguruma stoo, taratibu, kama ya mtu anayemsubiri mwenzake.

“Mwanangu, nipe viatu,” mama akasema. “Baba yako hapendi kungojeshwa.”

Akakimbilia stoo na tochi. Injini ilikuwa ingali ndani ya beseni. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimeshushwa, vyote viwili.