Video ya Kifafa Changu Ilivyozunguka Soko Zima

Nilizinduka nikiwa chini sakafuni... mdomoni kuna kijiko cha chuma, jino la mbele limemeguka!

Nikainua macho. Binamu yangu Dilcia, niliyemwajiri mwenyewe, amesimama juu yangu... simu mkononi, ananirekodi!

"Dilcia! Unafanya nini?"

"Nimechanganyikiwa tu, dada..."

Naitwa Nohelia. Nauza baleada, chapati za maharage na jibini, sokoni La Ceiba, mji wa pwani huko Honduras. Nina kifafa tangu nina miaka kumi na minne. Sio pepo, sio laana. Ni ubongo.

Na ninajipanga, jamani! Kidonge saa kumi na mbili asubuhi, kingine saa kumi na mbili jioni. Nalala mapema hata mtaa mzima ukiwa kwenye sherehe. Napika nimekaa, na chuma cha kuchomea chapati nimekizungushia uzio, nikianguka nisiangukie moto.

Wiki ile mafuriko yalitunyima usingizi siku mbili. Ndiyo maana nikaanguka.

Kufika mchana, video ilikuwa kwenye kila simu sokoni!

"Ona macho yalivyogeuka!"

"Na huwa tunakula chakula chake? Mungu wangu!"

Mwenyekiti wa soko, Mzee Eliseo, akanifuata.

"Kesho kuna kikao, binti. Wanataka kibanda chako kifungwe."

Nililia. Kisha nikameza kidonge, nikalala. Mimi hata hasira zangu lazima zipate usingizi.

Kesho yake ukumbi umejaa. Walidhani nitaomba msamaha. Thubutu!

"Iwasheni video," nikasema. "Tutazame wote."

Mzee Eliseo akaiwasha.

"Huyu anayenitia kijiko, ndiye aliyenivunja jino. Huyu ananimwagia maji. Wewe, Marlen wa kibanda jirani, umenikalia miguu! Sasa sikieni: nilazeni ubavu, ondoeni vitu vya kuniumiza, tazameni saa. Dakika tano zikipita, iteni gari la wagonjwa. Basi!"

Marlen akainamisha kichwa.

Nikamgeukia Dilcia. "Kwa nini ulisambaza video yangu?"

Akaanza kulia. "Nilimtumia mtu mmoja tu, dada. Naapa!"

"Nani?"

Akatazama mstari wa mbele...

Mama yangu mzazi akasimama!

"Ni mimi niliyeisambaza."

Nikamsogelea.

"Mama?!"

"Nilitaka wakufukuze, urudi nyumbani nikulinde. Siwezi kukuzika, Nohelia!"

"Mama, hata bafuni kwako nitaanguka. Bafu nalo utalifunga?"

Kuna aliyecheka. Mama hakucheka.

"Nina miaka thelathini na mbili," nikamwambia. "Kuogopa una haki. Kunidhalilisha ili nikutii, huna!"

Kura zikapigwa. Kibanda kikabaki! Mama akatoka bila kuniangalia, nami sikumkimbilia. Iliniuma, siwadanganyi.

Wiki tatu hatukuongea.

Jumapili moja nikamwona kasimama mbele ya kibanda, kashika mkoba kwa mikono miwili.

"Hiyo ya kulaza ubavu..." akasema taratibu. "Nionyeshe."

Nikavua aproni, nikajilaza sakafuni mbele ya wateja. Mama akapiga magoti, akanigeuza.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

Wapendwa, mwenye ugonjwa usiopona msimfungie ndani mkaita upendo. Muulizeni anataka kusaidiwaje... halafu mwacheni aende kazini!