Alama ya Msumari

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala migombani, Dativa na baba yake walipakia mikungu ya ndizi kwenye pikapu nyumbani kwao Rubya. Baba alipanga mikungu, Dativa akasukumia majani makavu katikati ili ndizi zisichubuke. Kisha safari ya sokoni Bukoba ikaanza.

Jumamosi hiyo baba yake, Rugaibula, hakuimba njiani kama kawaida yake. Kila alipokanyaga breki, pedali ilimtetemekea mguuni na usukani ukamchezea mikononi.

"Umeona?" alisema. "Disiki za breki tumefunga mpya juzijuzi tu. Nakuambia, Audax amezibadili. Siku ile nilipomwachia gari amwage oili, alizifungua akatuwekea chakavu."

"Lakini tata," Dativa alimwambia baba yake, "fundi Audax tunasali naye."

"Kwani mwizi hasali? Sikiliza. Siku disiki hizo zilipofungwa, nilichora herufi R kwa msumari katikati ya kila disiki, na yeye hakuniona. Leo tunapita gerejini kwake kabla ya soko. Akifungua gurudumu nisiione R yangu, kesho nasimama mbele ya jumuiya yote na kumtaja. Tuone nani atampelekea gari tena. Wewe kazi yako ni kuangalia mikono yake. Usipepese."

Dativa alimfikiria fundi. Gereji yake ilikuwa Kashai, mjini Bukoba, lakini kila Jumapili alirudi kusali kwao Rubya, na wateja wake wengi walikuwa watu wa huko. Akitajwa mbele ya jumuiya, basi, gereji imekufa, na watoto wake watakula nini?

Kwenye mteremko mrefu baba aliweka gia huru ili petroli isiliwe, akashikilia breki mpaka chini darajani. Hapo alisimama, kama kila Jumamosi. Kwao kuingia mjini na gari lenye matope ilikuwa aibu, sawa na kwenda harusini na kanzu chafu. Baba alivuka barabara kumsalimia mwenye duka. Dativa akachota maji mtoni kwa ndoo, akaanza na magurudumu ya mbele. Yalikuwa ya moto, yananuka. Maji yalipogusa chuma yakalia chwaa, mvuke ukapanda. Alimwaga tena, ili gari lipoe vizuri.

Walipofika Kashai fundi Audax alitoka akifuta mikono, akawaamkia kwa heshima ya Kihaya. "Karibuni waitu. Za Rubya?"

"Zipo," baba alijibu, bila kumtazama. "Breki zinatetemeka. Fungua magurudumu ya mbele."

Fundi akapiga jeki. Dativa alisimama karibu yake kabisa, macho hayabanduki. Fundi alipoingiza mkono mfukoni, Dativa akanyoosha shingo. Kilitoka kitambaa.

"Binti, unanitazama kama paka aliyeona panya," fundi alisema. "Nimeota mkia?"

Dativa hakucheka. Fundi akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kitu kilichofungwa gunia. Baba akamminya Dativa bega. "Angalia hapo," alinong'ona. Fundi akafungua gunia, na ndani kulikuwa na kipimo chenye mshale, kama saa ndogo.

Gurudumu la kwanza likatoka. Baba aliinama, akafuta vumbi kwa kidole. R ilikuwepo. Wakafungua la pili. R nayo ilikuwepo, kutu kidogo pembeni, lakini ni mwandiko wake.

"Basi ulinifungia feki tangu mwanzo," baba alisema.

"Ulizinunua mwenyewe, Rugaibula. Nilizifunga ukiwa umesimama hapo hapo." Fundi hakupandisha sauti. Aliegemeza kipimo kwenye disiki, akaizungusha polepole. "Disiki iliyonyooka, mshale unatulia. Hebu tazameni."

Mshale ulikuwa unacheza, unakwenda na kurudi.

"Imepinda. Na haya mabaka ya bluu ni ya moto. Imechemka sana, ikapozwa ghafla. Mnazimwagia maji zikiwa za moto?"

"Maji gani?" baba alifoka. "Usitafute pa kutokea, Audax. Kesho utanisikia."

Baba hakudanganya, maana darajani alikuwa dukani kila mara. Lakini Dativa alikumbuka kikaango cha mama. Siku moja Dativa alikitoa motoni akakimwagia maji baridi. Kililia chwaa vilevile, na toka siku hiyo kinayumba mezani. Akisema, huenda hatapanda tena pikapu kwenda mjini. Asiposema, fundi ataitwa mwizi.

"Tata, ni mimi," alisema. "Pale darajani huwa naanza na magurudumu. Nilidhani nayasaidia kupoa."

Baba alimtazama, kisha akaitazama ile R.

Fundi hakumkaripia. Alimgeukia baba. "Na kwenye mteremko unatumia gia gani?"

Baba akakohoa. "Huru. Naokoa mafuta."

"Kumbe breki peke yake ndiyo inabeba mikungu yote ile. Huyu mtoto amemalizia tu kazi yako, waitu."

Bahati, disiki zilikuwa bado na unene wa kutosha. Fundi alizipeleka kwenye mashine ya kukereza chuma, zikakwanguliwa, zikarudi zimenyooka, zinang'aa. Akasugua kutu pale zinapokaa, akafunga pedi mpya za breki, na nati akazikaza kwa mkingamo, moja hapa na inayofuata ya upande wa pili, kidogokidogo, ili disiki isivutwe upande mmoja. Aliwaonya wasikanyage breki kwa nguvu mpaka pedi zizoee, na wasioshe magurudumu kabla hayajapoa.

Walipotoka sokoni kurudi nyumbani, baba alishuka milima kwa gia namba mbili. Pedali ilitulia, naye akaimba.

Kesho yake, sala ya jumuiya ilipokwisha, alisimama kweli.

"Jana nilipanga kuja hapa kumtaja fundi Audax kwamba ni mwizi," baba alisema. "Breki nimeziharibu mwenyewe. Aliyeniokoa na dhambi hiyo ni Dativa, kwa kusema ukweli uliomwogopesha." Akamsogezea fundi kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Kisha akawageukia watoto. "Nanyi mkumbuke. Mimi nilichunguza mikono ya mwenzangu, nikasahau mguu wangu unakanyaga wapi. Anzeni na mguu wenu."