Mate ya Dalali

Kama uko mezani, maliza kula kwanza, kisha uje. Hadithi hii haikai vizuri tumboni pamoja na chakula.

Palikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba sita, yenye baraza pana upande wa nyuma, na aliyeiendesha ni mwanamke ambaye mumewe alimtania kwa jina la Kinyaa mpaka jina likamganda. Alilistahili. Hakunywea kikombe cha mtu yeyote, hata cha huyo mumewe. Unywele mmoja juu ya sabuni ulitosha kumtoa bafuni. Lakini kilichomshinda kuliko vyote ni glasi ya baba mkwe wake, ambamo mzee aliyalaza meno yake ya bandia kila usiku. Asubuhi Kinyaa aliibeba glasi ile kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani.

Mzee mwenyewe alimpenda sana. Watu walimwita Dalali, kwa kuwa alipiga mnada miaka arobaini na sauti yake ilivuka kuta mbili bila kuchoka. Siku Kinyaa alipoletwa kwa mara ya kwanza, mashangazi wa mume walimkataa, wakisema anaringa kwa sababu hakugusa vikombe vyao. Dalali alisimama katikati ya sebule akampigia mnada wa utani. Nani anamtaka binti huyu zaidi yangu? Mara ya kwanza, mara ya pili. Shangazi mmoja akanyanyua mkono akicheka, naye Dalali akamwambia kwamba mkono ukipanda hesabu inaanza upya, hiyo ndiyo sheria ya mnada. Akaanza upya, akafika mara ya tatu, akagonga meza. Mwanamke yule akawa mwanawe tangu siku hiyo, na mashangazi wakanyamaza.

Pale palikuwa na baridi inayopenya mpaka mifupani, kwa hiyo barazani kulisimamishwa hita ya gesi, ndefu kama mtu aliyevaa kofia ya bati. Chini lilikuwa sanduku lenye mtungi, katikati nguzo yenye uwazi ndani, juu kichomeo ndani ya wavu. Kuiwasha ilikuwa kazi ya Dalali. Wageni walikaa kuizunguka jioni, naye akawachekesha kwa visa vya mnadani mpaka wakasahau kwenda kulala. Uzee ulikuwa umemnyang'anya mengi, lakini baraza na sauti vilikuwa bado vyake.

Sasa nije kwenye uchafu. Kila mtu anajua kwamba gesi hupimwa kwa maji ya sabuni. Unapaka pale mpira unapoingia kwenye mtungi, ukiona mapovu unajua inavuja. Dalali aliona sabuni ni mzigo wa bure. Alitia kidole mdomoni, akakitoa kikiwa kinateleza mate, akakizungushia pale kwenye kiungo na kuinama kutazama. Alifanya hivyo kila jioni kwa miaka mitatu. Nguzo hakuisafisha hata siku moja, na usiku aliifunika hita kwa turubai kabla haijapoa, ikatota jasho humo ndani. Mkwewe alimsihi aache. Mzee alimjibu kwamba mate hayanunuliwi, akacheka, na kila aliyekuwepo akacheka pia, isipokuwa yeye.

Asubuhi moja Kinyaa alikuwa anafagia akaona mate ya jana bado yako pale kwenye kiungo. Hayakuwa yamekauka. Yalikuwa mengi kuliko yalivyowekwa, mazito kama ute wa yai, na katikati yake povu moja lilikuwa linavimba taratibu, linanywea, kisha linavimba tena. Alilitazama mpaka akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anapumua sawasawa nalo. Akakimbilia kichakani akatapika chai.

Alimweleza mumewe. Mume akasema kwamba kwa mke wake hata umande ni makohozi.

Wiki ile ile kinywa cha Dalali kikaanza kukauka. Alihitaji maji kwa kila tonge. Ulimi ulipasuka, pembe za midomo zikafanya magamba meupe aliyoyabandua kwa kucha bila kujua, na meno ya bandia yakawa yanamtoka anapocheka kwa kuwa hayakuwa na kitu cha kuyashika. Hospitali wakamtazama wakasema ni umri. Sauti ile ya kuvuka kuta mbili ikawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa pumzi tu, na jioni akawa anakaa kwenye kiti chake kando ya hita huku wageni wakizungumza juu ya kichwa chake.

Hita nayo ikanenepa, kama kitu cha bati kinaweza kunenepa. Moto wake, uliokuwa wa buluu na mfupi, uligeuka njano ukarefuka, ukawa unalamba kingo za wavu. Harufu yake haikuwa tena ile ya gesi, ya yai viza, ambayo mtu anaizoea. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala na njaa, ya moto na ya karibu, utadhani kuna mtu ameinama anataka kukunong'oneza. Siku mgeni mmoja alipokuwa anakula, tone likaanguka kutoka kwenye kofia ya bati likatua pembeni mwa sahani yake. Akalifuta kwa kidole. Lilivutika, uzi mrefu ung'aao, halikukatika hata alipoinua mkono usawa wa uso. Aliondoka asubuhi bila kuaga, na Kinyaa hakumlaumu.

Jioni iliyofuata alikwenda yeye mwenyewe kufunga mtungi. Wageni walikuwa wameingia ndani, mzee amesinzia kitini, kinywa wazi, kikavu kama kiganja. Kinyaa alipoinama akasikia ndani ya nguzo midomo inachezwa, mtu anaonja kitu, anameza, anaonja tena. Kisha ikaja sauti, nene, ya raha, ile ile iliyomtetea sebuleni mbele ya mashangazi.

"Mara ya kwanza," ilisema.

Alimgeukia mzee. Midomo yake haikusogea.

Usiku ule hakulala, na kutwa nzima ya kesho yake alijiambia kuwa ni masikio, kwamba ni upepo kwenye bati, kwamba mumewe atamcheka, lakini jioni ilipoingia akakuta miguu imemrudisha barazani yenyewe, akaweka sikio karibu na nguzo iliyokuwa na unyevu wa uvuguvugu kama shavu la mgonjwa wa homa, akasikia ule mlambo ukipanda na kushuka ndani, ukipanda na kushuka, na kwenye kiti Dalali akaanza kukoroma mkoromo mkavu wa mtu anayenyonywa, na sauti ya Dalali, sauti iliyomwita mwanangu miaka kumi na moja, ikasema kutoka kwenye chuma, "Mara ya pili."

Alipomweleza mumewe, safari hii hakucheka. Alimtazama baba yake, akamtazama mkewe, akaenda kumpigia simu fundi wa gesi.

Fundi alifika kesho yake alasiri, mtu mzima mwenye mikono mipana kama sepetu. Alifunga mtungi, akauchomoa, akaupeleka mbali uani. Akarudi akainamia kiungo, akanusa, akatema pembeni kwa kichefuchefu, halafu akajishika mdomo kama aliyefanya kosa.

"Nani anapima kwa mate hapa?" aliuliza, sauti ya chini.

 Dalali aliinamisha macho.

Fundi akamweleza mzee taratibu, bila kumkaripia. Buibui hupenda harufu ya gesi, huingia kwenye hita iliyokaa bila kusafishwa akatega humo utando. Hilo ni jambo la kawaida, hupigwa mswaki likaisha. Lakini moto wa gesi hauna moshi, na kuna viumbe wanaopenda moto usio na moshi kwa sababu ndiko walikotoka. Mmoja wao akikuta kiota tayari, pana joto na unyevu kwa sababu ya turubai, na kila jioni mtu anamletea mate ya kinywa chake kwa kidole, yeye ataelewa nini? Ataelewa kwamba anakaribishwa.

"Basi wewe ni mganga?" mume alinong'ona.

"Mimi ni fundi. Naondoa uchafu," alisema. "Mwenyewe akikosa pa kukaa, huondoka."

Alifungua kichwa cha hita akailaza nguzo juu ya meza. Uvundo uliotoka uliwarudisha wote hatua tatu. Ndani, urefu wa mkono, shingo ya nguzo ilikuwa imezibwa na kitu cha kijivu, chenye nywele, kilicholowa, kinachovimba na kunywea. Fundi alijaribu waya wa mswaki, kile kitu kikajivuta ndani zaidi. Akajaribu mkono, haukupita hata vifundo.

Kwenye kiti Dalali alianza kukabwa. Hakuwa na hata tone la kumeza. Ulimi ulimkwama juu ya kaakaa, midomo ikageuka rangi ya majivu, na macho yake yakamtafuta Kinyaa, si mwanawe.

"Dada," fundi alisema, "mkono wako ni mwembamba. Glavu hazitapita. Kishike chote, ukibandue kwenye ukuta wa nguzo, uvute. Halafu nisikilize vizuri. Mkono huo usifike mdomoni mpaka nimeuosha kwa sabuni mara saba. Chochote kitokee."

Nadhani kuna watu wangeingia motoni kwa moyo mwepesi kuliko alivyoingia Kinyaa kwenye bomba lile. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mzee alikuwa anakufa mbele yake. Akapandisha mkono wa gauni, akafumba macho, akaingiza. Kwanza baridi ya chuma, kisha joto, kisha nyuzi zilizomnatia kati ya vidole na ndani ya kucha, kisha vijipu vidogo vidogo vya mayai vilivyopasuka kimoja kimoja alipovikandamiza, maji yake yakimtiririkia kwenye kifundo mpaka kiwikoni, na alipofika mwisho na kukikamata kile kitu chote kwenye ngumi, kitu laini, kipana, chenye vinundu, kikajizungusha kikamlamba kiganja kutoka upande mmoja mpaka wa pili, bila haraka, na ndani ya chuma sauti ya baba mkwe wake ikaanza kusema, "Mara ya ta..."

Alivuta. Kilitoka na sauti ya jino linalong'oka, kikaanguka sakafuni, fundi akakimwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni. Kilijikunja, kikatoa mapovu, kikabaki utando wa buibui na masizi, uchafu wa kawaida ambao ungeuona popote ukapita.

Dalali akakohoa. Kamba ya mate ikamshuka kidevuni, na ilikuwa nzuri kuitazama.

"Mwanangu," alisema, sauti ikavuka ukuta. Mume akalia wazi wazi.

Wengine walipokuwa wamemgeukia mzee, Kinyaa aliona damu kwenye ncha ya kidole chake cha shahada. Ukingo wa bati ulikuwa umemkata. Na kama wewe, kama mimi, kama mtu yeyote aliyejikata tangu utotoni, bila kufikiri alikitia mdomoni akakinyonya. Sekunde moja tu. Akakumbuka, akakitoa, akatema, akatema tena. Fundi alipogeuka na beseni, alinyoosha mkono ukaoshwa mara saba, na hakusema. Aliona aibu. Zaidi ya hapo, hakusikia ladha yoyote mbaya.

Hita ikafungwa mpira mpya. Fundi akawaachia sponji na kopo la sabuni, akawaonyesha jinsi ya kupima, jinsi ya kusafisha nguzo kila mwezi, na kusubiri bati lipoe kabla ya turubai. Dalali aliapa mbele ya wote kwamba hatatia kidole mdomoni tena. Jioni zikarudi kuwa jioni, moto ukawa mfupi na wa buluu, na wageni wakacheka mpaka wakasahau kwenda kulala.

Siku ya tisa walikuwa mezani asubuhi, watatu tu. Dalali alikuwa amesahau glasi yake ya usiku kando ya mkate, meno yamo ndani, maji yamefanya ukungu na chembe za chakula cha jana zinaelea. Mume aliiona akatabasamu. Alisubiri mkewe apige ukelele ili amtanie.

Kinyaa alinyoosha mkono akaishika glasi kwa kiganja chote. Akainywa. Alikunywa polepole, meno yakigonga kwenye kioo, mpaka tone la mwisho, kisha akayalamba meno yenyewe, ya juu na ya chini, akayaweka mezani kwa adabu.

"Mke wangu?" mume alisema.

Hakumtazama. Alikuwa anamtazama mkwewe kwa upendo ule ule wa siku zote, na kwenye pembe ya mdomo wake povu dogo lilivimba, likanywea, likavimba tena. Alipofungua kinywa, sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene, ya raha, ya kuvuka kuta mbili.

"Mara ya kwanza."

Mume alidhani ni utani, akaanza kucheka, akaishia njiani.

"Mara ya pili."

Dalali alinyanyua mkono. Aliunyoosha juu kabisa, kama mnunuzi wa safu ya nyuma anayeogopa asionekane. Hakusema anatoa nini. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa, na wote wawili walikijua.

Kinyaa akanyamaza, akameza mate yaliyomjaa mdomoni. Halafu, kwa kuwa sheria ni sheria, akarudi mwanzo.

"Mara ya kwanza."

Mzee hakuuteremsha mkono. Aliushika kwa mkono wa pili usidondoke, akamwambia mwanawe, bila kugeuza macho, ampigie fundi simu, na akimbie, kwa sababu bega lake lilikuwa limeshaanza kutetemeka.